Kura nyingine zilikwenda wapi? Majimbo, viti maalum na yaliyowakuta Lesotho

Msomaji wetu, mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, ameandika hivi:

"Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu habari za uchaguzi, mwanafunzi mmoja akasimama na takwimu za mwaka 2015. Chadema ilipata karibu kura 32 katika kila 100 za ubunge nchi nzima, lakini majimbo iliyoshinda hayakufika 40 kati ya 264. Akauliza: kura nyingine zilikwenda wapi? Nilimjibu, ila jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Na je, tukihamia kwenye uwiano wa kura, yaani kila chama kipate viti kulingana na kura zake, kama wengi wanavyodai, tatizo hili litakwisha?"

Mwalimu, kura zile hazikwenda popote. Zilihesabiwa, zikaandikwa kwenye fomu, zikajumlishwa na kutangazwa, kisha kazi yake ikaishia palepale jimboni zilipopigwa. Katika mfumo wetu kila jimbo ni uchaguzi unaojitegemea. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye anayekwenda Dodoma. Kura za waliomfuata hazivuki mpaka kwenda kumsaidia mgombea wa chama hichohicho katika jimbo la jirani. Kura za ziada za mshindi nazo hazina pa kwenda: aliyeshinda kwa tofauti ya kura 30,000 anapata kiti kimoja, sawa na aliyeshinda kwa tofauti ya kura 12.

Ili wanafunzi walione hili kwa macho, waandikie ubaoni nchi yenye majimbo matano, kila jimbo lina wapiga kura 100, na vyama ni viwili. Chama cha Mlima kinapata kura 51 katika kila moja ya majimbo manne, na 20 katika jimbo la tano. Chama cha Bonde kinapata 49 katika yale manne, na 80 katika la tano. Wakijumlisha wataona Mlima ina kura 224 na Bonde ina 276. Wananchi wengi wameichagua Bonde, lakini Mlima ina wabunge wanne na Bonde ana mbunge mmoja. Hakuna sanduku lililoibwa wala fomu iliyofutwa. Kilichoamua ni wapi wapiga kura wanaishi na wapi mstari wa mpaka umepita.

Hili si jambo la ubaoni tu. Uingereza, ambako mfumo huu tuliurithi, mwaka 2015 chama cha UKIP kilipata kura milioni 3.9, sawa na asilimia 12.6, kikaambulia kiti kimoja. Mwaka huohuo chama cha SNP, ambacho husimamisha wagombea Scotland pekee, kilipata kura milioni 1.45 na viti 56. Wapiga kura wa UKIP walikuwa wametawanyika kila mahali, wa SNP wamekaa pamoja. Na mwaka 2024 Labour ilichukua viti 411 kati ya 650 ikiwa na asilimia 34 tu ya kura. Watu wa huko wanalalamika kama mwanafunzi wako anavyolalamika.

Turudi kwenye takwimu zake. Mwaka 2015 CCM ilipata takriban asilimia 55 ya kura za ubunge, na majimbo zaidi ya 180, yaani zaidi ya theluthi mbili. Vyama vya Ukawa, muungano wa upinzani uliokuwa na Chadema ndani yake, vilikuwa vimeachiana majimbo sehemu nyingi, kwa hiyo kura za Chadema zilitoka hasa pale kiliposimama chenyewe. Hata hivyo sehemu kubwa ya kura hizo zilipigwa kwenye majimbo ambayo chama kilishika nafasi ya pili, wakati mwingine kwa karibu sana. Nafasi ya pili katika mfumo huu haina thamani yoyote. Chama kinaweza kuwa cha pili katika majimbo 150 na kisipate kitu.

Sasa kuna jambo ambalo walimu wengi wa Uraia hulipita haraka, nami naliona ndilo kiini cha swali lako la pili. Tanzania tayari tunao uwiano wa kura. Viti maalum vya wanawake, ambavyo Katiba inataka visipungue asilimia 30 ya wabunge, hugawiwa vyama kwa kufuata kura za ubunge za nchi nzima, na chama lazima kifikishe walau asilimia 5 ya kura hizo. Mwaka 2015 viti hivyo vilikuwa 113. Chadema ilipata zaidi ya 30, karibu sawa na majimbo yote iliyoshinda kwa jasho. Kura zile za nafasi ya pili zilizofia jimboni zilifufuka hapa. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba sehemu ya jibu la "zilikwenda wapi" ni hii: zilipeleka wanawake bungeni.

Lakini pengo halikuzibika, na sababu yake ni hesabu inayofanyika baada ya kujumlisha kura. Viti vya uwiano vinaweza kugawiwa kwa njia mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa matokeo. Njia ya kwanza ni ya nyongeza. Viti vya majimbo vinabaki kama vilivyo, kisha viti vya uwiano vinagawiwa pembeni, kila chama kikipata fungu lake kana kwamba majimbo hayapo. Hiyo ndiyo yetu. Njia ya pili ni ya fidia. Hapo tume inauliza kwanza: kwa kura hizi, chama hiki kilistahili viti vingapi katika bunge zima? Inatoa majimbo ambayo chama kimekwisha kushinda, na viti vya uwiano vinakwenda kuziba upungufu. Chama kilichokwisha kuzidisha majimboni hakipati kingine.

Chukua Mlima na Bonde, uwaongezee viti vitano vya uwiano ili bunge liwe na viti 10. Kwa njia ya nyongeza, vile vitano vinagawanywa kwa kura 224 na 276: Mlima 2, Bonde 3. Jumla Mlima 6, Bonde 4. Chama kilichoshindwa kwa kura bado kinaunda serikali. Kwa njia ya fidia, kura 276 kati ya 500 zinastahili viti 6 kati ya 10, na 224 zinastahili 4. Mlima tayari ina vyake vinne, basi vitano vyote vinakwenda Bonde. Jumla Bonde 6, Mlima 4. Kura ni zilezile, viti vya uwiano ni vilevile vitano, serikali ni tofauti. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka uwiano, simkubalii wala kumkatalia mpaka aniambie kama ni wa fidia au wa nyongeza.

Nchi iliyopita njia hii yote kwa uchungu, na ambayo ningependa wanafunzi wetu waijue kuliko wanavyoijua Uingereza, ni Lesotho.

Mwaka 1993 Lesotho ilirudi kwenye uchaguzi wa vyama vingi ikitumia mfumo wa majimbo kama wetu. Chama cha BCP kilipata takriban robo tatu ya kura na kikachukua majimbo yote 65. Hakukuwa na mpinzani hata mmoja bungeni. Mwaka 1998 chama kipya cha LCD, kilichotokana na BCP, kilipata asilimia 60 na kitu ya kura na kikachukua viti 79 kati ya 80. Chama cha BNP, ambacho karibu Mosotho mmoja kati ya wanne waliopiga kura alikichagua, kilipata kiti kimoja.

Wapinzani walisema kura zimeibwa. Wakakusanyika mbele ya ikulu ya mfalme mjini Maseru wakadai uchaguzi ufutwe. Tume iliyoongozwa na jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilikagua, ikakuta kasoro nyingi za usimamizi, lakini haikupata ushahidi wa kutosha kusema matokeo yalipikwa. Haikusaidia. Jeshi likaanza kugawanyika, na Septemba 1998 askari wa Afrika Kusini, wakafuatiwa na wa Botswana, wakaingia kwa jina la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Watu walikufa, na katikati ya Maseru maduka yaliporwa na kuchomwa moto.

Nakaa hapa kwa makusudi. Ukimwambia mtu mwenye robo ya kura kwamba ana kiti kimoja kati ya 80, kisha ukamwambia uchaguzi ulikuwa halali, ukweli wako hataweza kuupokea. Kwake wizi na hesabu mbovu vinaonekana sawa, kwa sababu vinamfikisha palepale. Mfumo unaweza kufuata sheria neno kwa neno na bado ukaibomoa imani ya watu.

Baada ya moto kuzimika, vyama 12 viliwekwa kwenye chombo kimoja cha mpito, kila chama wajumbe wawili, bila kujali ukubwa. Walibishana kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Walichokubaliana ni hiki: majimbo 80 yabaki, viongezwe viti 40 vya fidia, na mpiga kura apewe karatasi mbili, moja ya mbunge wa jimbo lake na nyingine ya chama.

Uchaguzi wa 2002 ukaja. LCD ilishinda majimbo 77 kati ya 78 yaliyopiga kura siku ile, kwa takriban asilimia 55 ya kura za chama. Majimboni hakuna kilichobadilika. Lakini viti 40 vyote vya fidia vilikwenda kwa wengine: BNP 21, na vyama vingine vinane vikagawana 19. Kwa mara ya kwanza tangu 1993 bunge lilikuwa na upinzani wa kweli, na Maseru haikuungua. LCD iliendelea kutawala, tena kwa wingi wa kutosha. Walioshindwa walikuwa wamepata mahali pa kukaa.

Kama habari ingeishia hapo ningekujibu kwamba ndiyo, tatizo litakwisha. Lakini wanasiasa nao wanajua hesabu. Mwaka 2007 LCD iliona kwamba kura zake za chama hazina faida, kwa kuwa tayari inazidisha majimboni. Ikaungana na chama kidogo cha NIP. LCD ikasimamisha wagombea majimboni bila kuwasilisha orodha ya chama, na wafuasi wake wakaambiwa: karatasi ya jimbo mpeni LCD, karatasi ya chama mpeni NIP. Chama kikuu cha upinzani, ABC cha Tom Thabane, kikafanya vilevile na LWP. Matokeo: LCD majimbo 61, na NIP, ambacho hakikushinda jimbo hata moja, kikapata zaidi ya nusu ya kura za chama na viti 21 vya fidia. Jumla 82 kati ya 120. Kama wangehesabiwa kama chama kimoja, wangeishia kama 62.

Rudi ubaoni. Mlima ikisajili chama cha Mlima Mdogo, ikakipa kura zake zote 224 za orodha huku yenyewe ikibaki na majimbo yake manne, Mlima Mdogo kitaonekana kama maskini asiye na kiti. Kinadai viti vinne na Bonde inadai vitano, lakini vya kugawa ni vitano tu. Ukivigawa kwa uwiano wa madai, Mlima Mdogo kinapata 2 na Bonde 3. Familia ya Mlima 6, Bonde 4. Ni matokeo yaleyale ya njia ya nyongeza. Ujanja mmoja wa usajili umegeuza fidia kuwa nyongeza bila kubadili hata kifungu kimoja cha katiba.

Basotho walibishana miaka kadhaa juu ya jambo hili, na Ketumile Masire, rais wa zamani wa Botswana, akaletwa kuwasuluhisha. Mwaka 2011 sheria ilibadilishwa: karatasi ni moja tu. Ukimpigia mgombea wa jimbo, kura hiyohiyo inahesabiwa kwa chama chake kwenye ugawaji wa fidia. Mlango ule ukafungwa. Mwaka 2012 hakuna chama kilichofikisha nusu ya viti, vyama vya upinzani vikaungana, na waziri mkuu Pakalitha Mosisili akaondoka madarakani kwa amani.

Baada ya hapo serikali za muungano zilivunjika moja baada ya nyingine. Lesotho ilifanya uchaguzi 2012, 2015 na tena 2017. Wanaotetea mfumo wa majimbo huonyesha kidole hapo, na siwezi kusema wanakosea. Chama kidogo chenye viti vitatu kinaweza kuishika serikali kooni. Ila kati ya bunge linalovunjika kila baada ya miaka miwili na mji mkuu unaoungua, mimi najua ningechagua lipi.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa sana. Afrika Kusini inakaribia kabisa usawa wa kura na viti: mwaka 2024 ANC ilipata asilimia 40.2 ya kura na viti 159 kati ya 400, yaani asilimia 39.75. Lakini mbunge wa huko hutoka kwenye orodha ya chama. Mwananchi mwenye daraja lililobomoka hana mbunge wa kumpigia simu na kusema "wewe ni wangu", na mbunge anayetaka kurudi bungeni anamtazama mpanga orodha kabla ya kumtazama mwananchi. Kwetu, ambako mgombea binafsi bado haruhusiwi ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha ilitoa hukumu dhidi ya katazo hilo mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila, kuwapa viongozi wa vyama orodha nzima ya bunge kungewaongezea nguvu ambayo tayari ni kubwa mno. Ndiyo sababu napendelea mchanganyiko: jimbo libaki, fidia izibe.

Na urais? Uwiano hauwezi kugusa kiti cha mtu mmoja. Kinachoweza kubadilishwa ni kiwango cha ushindi. Kenya mwaka 1992 Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi kwa sababu wapinzani waligawana zilizobaki. Katiba ya 2010 ikataka zaidi ya nusu ya kura, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Sisi tulikwenda upande mwingine: marekebisho ya 2000 yaliondoa sharti la nusu, anayeongoza anatosha. Kongo nayo ilifuta duru ya pili Januari 2011, na baada ya uchaguzi wa Novemba mwaka huo Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 49. Zanzibar ilionyesha ugumu wenyewe mwaka 1995: asilimia 50.2 kwa Salmin Amour, 49.8 kwa Seif Sharif Hamad, na madaraka yote upande mmoja. Ilichukua miaka 15 ya mivutano, damu na miafaka kabla kura ya maoni ya 2010 kuleta serikali ya umoja wa kitaifa.

Sasa nijibu swali lako la pili moja kwa moja. Fidia ingemaliza pengo la kura na viti. Haiwezi kumaliza mengine. Fomula yoyote inaanza kufanya kazi baada ya majina kuingia kwenye karatasi ya kura na baada ya kura kuhesabiwa mbele ya mawakala. Mwaka 2025 Chadema haikuwamo kwenye karatasi kabisa, baada ya Tume kusema haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Hakuna mfumo duniani unaoweza kukigawia viti chama ambacho hakikupigiwa kura. Wanafunzi wasitoke darasani wakiamini kwamba hesabu nzuri inachukua nafasi ya tume inayoaminika.

Ukitaka mjadala wa kweli darasani, wape pendekezo hili: viti maalum vibaki, lakini vigawiwe kwa fidia, kwa karatasi moja ya kura kama Lesotho. Nimejaribu hesabu hiyo kwa takwimu za 2015, nikijua kwamba watu wangepiga kura tofauti kama kanuni zingekuwa tofauti. CCM, iliyokwisha kuzidisha majimboni, ingepata pungufu ya nusu ya viti maalum ilivyopata. Chadema ingezidi 80. Upinzani ungefika kwenye uzito wa kura zake, lakini wanawake wa chama tawala wangepoteza njia yao kuu ya kuingia bungeni, na chama hicho kingelazimika kuwasimamisha kwenye majimbo ya ushindi, jambo ambalo vyama vyetu vyote vimekuwa vizito kulifanya. Lesotho walijaribu kulitatua kwa kuagiza orodha za fidia zipangwe mwanamke na mwanamume kwa kupishana. Lakini chama kinachoshinda majimbo kwa wingi orodha yake haiguswi, na idadi ya wanawake katika bunge lao bado haijafika theluthi. Kwa hiyo gawa darasa sehemu mbili: nusu watetee usawa wa kura, nusu watetee nafasi ya wanawake, kila upande ukipewa takwimu za 2015 na kalamu.